Mguu wa mdogo wangu na kiatu cha De Jong

Katika lupango yetu, yaani ua tunaoishi pamoja, kule Katuba mjini Lubumbashi, Kongo, kuna ubishi ambao haujaisha tangu tarehe 11 Julai 2010. Watoto waliozaliwa mwaka ule wanaujua kama wanavyojua hadithi za sungura: wanajua nani atasema nini, na ni wapi Mjomba atainuka kitini. Ubishi wenyewe ni huu: je, mwamuzi Howard Webb alikosea alipompa Nigel de Jong kadi ya njano tu, dakika ya 28 ya fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uholanzi yake na Uhispania, baada ya kumpiga Mhispania Xabi Alonso teke la kifuani?

Mimi nasema alikosea. Nilisema hivyo usiku ule nikiwa na sahani ya michopo, nyama ya kuchoma, mkononi, na leo nasema vilevile. Ila siwezi kueleza kwa nini jambo hili limenikaa rohoni miaka yote hii bila kuanza na mguu wa mdogo wangu.

Kazi yangu ni kushona. Mwaka 2009 vijana wa mtaa waliniletea jezi 16 niwashonee namba mgongoni. Mdogo wangu alichukua namba 8. Siku ya mechi yao ya nusu fainali nilifunga mlango mapema, nikaenda kutazama namba zangu zikikimbia. Kiwanja ni kile cha udongo mwekundu, na mwezi wa Juni hakina hata jani moja, ni vumbi na vijiwe tu.

Upande wa pili kulikuwa na beki mmoja, kijana wa miraba minne, ambaye tangu filimbi ya kwanza alikuwa hatafuti mpira. Alianza kwa kumkanyaga mshambuliaji wetu kisigino. Refa akamwita, akamwekea mkono begani, akamwambia atulie. Hazikupita dakika nyingi akampiga mwingine kiwiko cha shingo. Refa akamwita tena, akamnyooshea kidole kumwambia kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Sisi kando ya uwanja tulipiga kelele. Baba mmoja aliyesimama karibu nami akanigeukia: "Bacha, mama. Ni nusu fainali hii. Hawezi kuharibu mechi."

Kuharibu mechi. Neno hilo nimelisikia mara nyingi tangu siku ile, na kila nikilisikia linanichoma.

Mara ya tatu ilikuwa zamu ya namba 8. Nilisikia kabla sijaona, kama mtu anavunja muwa kwenye goti. Nilipofika, soksi ilikuwa imeshaanza kukaza. Mkobani nilikuwa na mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa, ule ambao simpi mtu hata akate uzi. Nikakata soksi kuanzia juu kushuka chini. Ndani, mahali pa kinga ya ugoko, palikuwa na kipande cha katoni ya sabuni kilichokunjwa mara mbili na kufungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Alama za meno ya kiatu zilikuwa juu ya katoni ile, nne, zimezama wazi kama mihuri. Chini yake mfupa ulikuwa umekatika. Mdogo wangu hakulia. Aliniambia tu, mimi dada yake: "Yaya, usikate jezi."

Hapo ndipo refa alipotoa nyekundu. Kijana akatoka, mechi ikaendelea mpaka mwisho, hata penalti zikapigwa. Mdogo wangu alikaa na plasta miezi mitatu. Mguu uliunga, lakini ukaunga vibaya kidogo, na mpira wa ushindani ukaishia pale. Alikuwa na miaka 17.

Basi mwaka mmoja baadaye ndiyo tulikuwa tumekaa naye mbele ya televisheni.

Kombe lile tulilingoja kama mgeni wa nyumbani. Afrika Kusini kwetu si mbali. Watu wa hapa hupanda basi, wanapita Kasumbalesa, wanakata Zambia, wanaingia Johannesburg kutafuta bidhaa. Vuvuzela zilitufikia kwa mabasi hayo hayo, na wiki zile hakuna aliyelala vizuri. Hata saa ya Johannesburg ndiyo saa yetu: mpira ulianza saa mbili na nusu usiku kule uwanja wa Soccer City na saa mbili na nusu kwetu. Televisheni ya Mjomba tuliitoa nje, tukaiweka juu ya meza yangu ya kukatia. Jirani alileta jenereta, kila mtu akachanga faranga 500 za petroli. Baridi ya Julai ya Lubumbashi si ya mchezo, tuliwasha mbabula mbili, majiko ya makaa, watu wakajipanga kuzizunguka, wazee kwenye viti, vijana kwenye matofali, watoto chini kwenye mkeka.

Mjomba wangu alichezesha mechi za ligi za mji huu zaidi ya miaka 20. Mtaani wanamwita Muzee Arbitre, yaani Mzee Mwamuzi. Filimbi yake imening'inia msumarini sebuleni, kando ya picha ya harusi, na hakuna mtoto anayethubutu kuigusa.

Na niseme mapema: mimi nilikuwa wa Uholanzi. Wengi wa lupango walikuwa wa Uhispania kwa sababu ya wachezaji wa Barcelona. Mimi nilimpenda Sneijder, nilimpenda Robben na ule mguu wake wa kushoto. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba namtetea Alonso kwa sababu ya rangi ya jezi.

Mpira ulikuwa mchafu tangu mwanzo. Van Persie kadi, Puyol kadi, van Bommel kadi, Ramos kadi, na dakika 23 tu zilikuwa zimepita. Kisha ukaja mpira wa juu katikati ya uwanja. Alonso aliuendea kwa kichwa. De Jong alikuja kutoka mbele, mguu umenyooka juu, na soli nzima ya kiatu ikamkaa kifuani. Alonso alianguka kama gunia lililodondoshwa kutoka kwenye lori. Lupango nzima ilisimama ikidai nyekundu. "Ruje! Ruje! Kartoni ruje!" Hata mimi wa Uholanzi nilipiga kelele hiyo. Webb alikuja mbio, mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na njano.

Nilimwangalia mdogo wangu. Hakuwa amesimama. Alikuwa ameinama, kiganja chake kimefunika ugoko, anautazama moto wa mbabula.

Mjomba naye hakuwa amesimama. Akangoja makelele yapungue, akasema: "Haina vile, batoto. Hakuona."

"Hakuona namna gani, Mjomba? Dunia yote inaona!"

"Dunia yote iko na kamera. Yeye iko na macho mbili."

Sehemu iliyobaki ya mechi ile kila mtu anaikumbuka kwa namna yake. Sneijder alimpiga Busquets gotini kwa meno ya kiatu na hakupewa chochote. Iniesta, mtu mpole, alifika mahali akamgonga van Bommel baada ya kuchoka kukanyagwa, naye akasamehewa. Robben alibaki peke yake na Casillas dakika ya 62, mpira ukagonga mguu wa kipa ukatoka nje, nami nikaweka sahani chini, sikula tena. Heitinga alitolewa dakika ya 109 kwa njano ya pili. Halafu mpira wa faulo aliopiga Sneijder uligonga ukuta wa Wahispania ukatoka nje, kona wazi kabisa, Webb akatoa goli kiki. Muda si muda, dakika ya 116, Iniesta akafunga. Waholanzi walimzingira mwamuzi wakidai kona yao, na katika hilo walikuwa na haki.

Hesabu ya mwisho ilikuwa njano 14, tisa za Uholanzi na tano za Uhispania. Moja kati ya hizo tano ni ya Iniesta mwenyewe, aliyevua jezi kuonyesha fulana iliyoandikwa jina la Dani Jarque, rafiki yake aliyefariki mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo fainali iliyokuwa na kadi nyingi ilikuwa ile ya 1986, nazo zilikuwa sita tu. Johan Cruyff, Mholanzi aliyecheza fainali ya 1974, aliwakemea hadharani ndugu zake kwa mchezo ule. Nilipozisikia habari zake nilisema: afadhali, kuna mtu wa nyumba yao aliyeona aibu kama mimi.

Lakini ninachotaka kusimulia hasa ni kilichotokea baada ya jenereta kuzimwa.

Watu hawakutaka kwenda kulala. Ubishi uliwaka. Mjomba akainuka kitini, na hapo ndipo alipoinuka kwa mara ya kwanza kati ya zile nyingi zilizofuata, akasema: "Simameni niwaonyeshe." Akamchukua kijana wa jirani akamsimamisha katikati ya ua: wewe ni Alonso. Akamchukua mwingine: wewe ni De Jong. Akaweka watu wawili zaidi mahali pa wachezaji waliokuwa karibu. Kisha akanishika mkono, akanivuta hadi mlango wa choo, hatua kumi na kitu. "Wewe, mama wa kushona, unajua kila kitu. Wewe ni arbitre."

Taa ilikuwa ya simu za watu. De Jong wetu akainua mguu polepole. Nikaona goti likipanda. Nikaona mgongo wa yule mchezaji aliyesimama kati yetu. Nikaona Alonso wetu akirudi nyuma.

"Unaona kiatu inafika wapi?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. "Hapana," nikasema. "Naona mguu uko juu. Mahali ulipotua sioni."

"Basi sema kadi."

Akatueleza Sheria ya 12 ya mpira, ile ya faulo, kama alivyozoea kuwafundisha waamuzi wachanga. Mchezaji akimfanyia mwenzake faulo kwa kutokuwa mwangalifu, ni faulo tupu. Akiwa hakujali hatari, ni njano. Akitumia nguvu kupita kiasi, akahatarisha mwili wa mwenzake, ni nyekundu. Mguu juu, bila kujua umetua wapi, hiyo ni ya katikati. "Anatoa kile alichoona," akasema. "Arbitre akitoa kile asichoona, huyo ni mwizi."

Webb mwenyewe alikuja kusema hadharani, baada ya kuangalia picha, kwamba ilistahili kuwa nyekundu, na kwamba pale uwanjani mtu alimziba. Kwa hiyo Mjomba alikuwa amesema kweli kabla hajaisikia popote. Na Webb hakuwa mtu wa kuokotwa: alikuwa polisi kwao Yorkshire, na mwaka huo huo, mwezi Mei, ndiye aliyechezesha fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, Inter na Bayern. Hakuna aliyewahi kupewa fainali hizo mbili katika mwaka mmoja kabla yake.

Nimemkubalia Mjomba sehemu hiyo. Mtu hawezi kuona kupitia mgongo wa mwenzake. Ila mimi nina swali ambalo hajanijibu nikaridhika. Uwanjani kulikuwa na washika bendera wawili na mwamuzi wa nne. Sote tulikumbuka Berlin 2006, Zidane alipompiga Materazzi kichwa: mwamuzi Elizondo alikuwa akiangalia kwingine, lakini aliuliza wenzake, akaja na nyekundu katika dakika ya 110 ya fainali. Kwa hiyo kuna njia. Kilichohitajika ni mtu kutaka kujua. Na ninaogopa kwamba dakika ya 28 ya fainali, mbele ya watu 84,000 na zaidi, kila mwenye filimbi au bendera ana sauti ndani yake inayomwambia yale yale aliyoniambia yule baba kando ya uwanja wa Katuba. Hawezi kuharibu mechi. Mwanadamu akisikia sauti hiyo, jicho lake huwa zito.

Mjomba akijibu swali hili hurudi 1974. Huwa anashusha sauti. Zaire, ndilo jina la nchi yetu wakati ule, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, na tarehe 18 Juni ilipigwa 9-0 na Yugoslavia kule Gelsenkirchen. Katika vurugu ya mapema mwamuzi wa Kolombia, Omar Delgado, alipigwa teke. Aliyepiga ni Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe yetu, timu ya hapa Lubumbashi. Aliyetolewa kwa nyekundu ni Ndaye Mulamba, ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika, idadi ambayo hakuna aliyeifikisha katika mashindano mamoja tangu hapo. Dakika 22 tu, mshambuliaji wetu bora akatoka akilia haki yake. "Yule alitaka kujua," Mjomba husema. "Alikuwa na hakika. Muangalie sasa alimtoa nani."

Hapo huwa nanyamaza. Najua uchungu wa mtu kulipishwa deni la mwingine.

Kuna usiku mwingine ambao Mjomba alinikamata barabara, nao ni wa mwaka ule ule. Tarehe 31 Oktoba 2010 Mazembe iliwapokea Espérance ya Tunis hapa Lubumbashi, mchezo wa kwanza wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tuliwafunga 5-0. Watunisia walibaki pungufu kwa kadi nyekundu, wakalalamika juu ya uamuzi mpaka kwao. Mimi nilirudi nyumbani sauti imekauka, kitambaa cheusi na cheupe kichwani, nikacheza mpaka mlangoni. Mjomba alikuwa ameketi gizani. "Leo," akaniuliza, "umeuliza arbitre alisimama wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Wala hakuna hata mmoja kati ya watu walioimba njiani kutoka mtaa wa Kenya, penye uwanja, mpaka Katuba aliyeuliza. Nilikaa kando yake kwa muda, nikafungua kile kitambaa. Hilo nimelibeba. Tangu siku ile nikiona kadi inatolewa kwa faida ya timu yangu, najilazimisha kuangalia tena, na wakati mwingine huwa sipendi ninachokiona.

Siku hizi kuna video. Tangu Kombe la 2018 mwamuzi anaweza kukimbilia pembeni akaangalia skrini, na soli ya De Jong isingejificha hata sekunde 30. Nimefurahi kwa ajili ya akina Alonso wa kesho. Lakini katika viwanja vyetu vya udongo hakuna skrini, kuna refa mmoja, mara nyingi hana hata washika bendera, na vijana wenye katoni ya sabuni ndani ya soksi. Kwa hao neno langu halijabadilika: mpe yule wa kwanza kadi yake, hata kama ni katika dakika ya pili. Beki yule wa 2009 angeona nyekundu kwenye kile kiwiko, kesho yake angekuwa amesahau. Mdogo wangu hasahau kila asubuhi ya baridi.

Mdogo wangu sasa ndiye mwenye filimbi. Hachezeshi ligi, ni mechi za watoto wa mtaa Jumapili jioni, lakini alikaa chini ya Mjomba akajifunza sheria moja baada ya nyingine, na Mjomba akishuka kitandani vizuri huletewa kiti kando ya uwanja. Kile kipande cha katoni bado ninacho, kiko ndani ya kopo la vifungo. Aliniomba nisikitupe.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Mpira ulikuwa na dakika sita hivi. Watoto wawili walikutana katikati, vumbi likainuka, mmoja akabaki chini ameshika paja. Mdogo wangu alifika akichechemea kama anavyokimbia, akatoa nyekundu. Moja kwa moja. Kelele iliyotoka kwa wazazi ungedhani ameua mtu. Mama wa mtoto aliyetolewa aliingia mpaka ndani ya uwanja, na mtoto mwenyewe alikuwa analia, hana zaidi ya miaka 12. Mjomba kitini kwake hakusema kitu.

Jioni nilipomkuta anaosha miguu nyuma ya nyumba, hakuinua uso. "Yaya, ulikuwa pale. Nilikosea?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli, upande wa jua.

"Kutoka pale niliposimama, niliona vumbi tu," nikamwambia.

Alimwaga maji, akapangusa ule mguu wa kushoto kwanza.

"Mimi niliona soli," akasema.